Kurasa Tatu za Piger

Koplo aliandika neno moja la Kilatini mara mia tatu na sitini, na alipomaliza hakuna aliyekuwa akimcheka tena. Saa mbili asubuhi askari wenzake walimzunguka pale mezani wakimuuliza kama amerudishwa darasa la tatu. Kufikia saa tatu kila mtu alikuwa ameshika lake, akabaki yeye peke yake, shingo upande, ncha ya ulimi nje, akikokota kalamu ya wino aliyoazimwa na Inspekta.

"Imenichukua saa moja na dakika saba, afande," alisema, akajinyoosha vidole kimoja kimoja. "Yule mzee hana hatia. Na mimi sina mkono."

Inspekta aliziandika dakika hizo kwenye daftari lake dogo. Hakutabasamu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia kutazama watu waliokufa na watu waliowaua, hata sasa maiti haikumzuia kumaliza chai yake. Hakujisifia jambo hilo wala hakulionea haya. Ngozi ya kisigino nayo huwa hivyo hivyo ukitembea sana.

Neno lenyewe lilikuwa piger, yaani mvivu. Kilatini hakimwachi mvivu apumzike. Akiwa mwanamume ana umbo lake, akiwa mwanamke ana lingine, akiwa kitu kisicho mume wala mke ana la tatu, na kila moja hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi, kwa mmoja na kwa wengi: maumbo kumi na mawili kwa kila jinsia. Marehemu alifundisha lugha hiyo miaka thelathini na minne, na mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Kwa mchelewaji yeyote alikuwa na adhabu moja tu, piger, ukurasa mmoja kwa kila jinsia, kila umbo mara kumi. Hakuwahi kumchapa mtu. Waliopita mikononi mwake walisema heri angechapa.

Jumanne, saa tano asubuhi, Mwalimu alikutwa chini ya ngazi za nyuma za nyumba yake, kichwa kimepasuka kwenye ukingo wa saruji wa tangi la maji. Daktari alikuta michubuko miwili kifuani, mmoja kila upande, ukubwa wa kiganja, akasema huyu hakuteleza, huyu kasukumwa. Kuhusu saa ya kufa hakuweza kusema zaidi ya kwamba ilikuwa kati ya saa nne na saa tano.

Aliyemkuta ni mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume wa miaka hamsini na sita ambaye hakuoa, hakuhama, wala hakuacha kuadhibiwa. Binti wa Mwalimu alimwita Baba Mdogo, kama ilivyo haki yake, na majirani wakamfuatisha hata likawa ndilo jina. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alitoka asubuhi, akarudi saa nne, kaka akamwambia amechelewa, akampa karatasi tatu. Akaingia chumbani kwake kuandika, kaka akabaki uani na kitabu. Katikati ya kuandika alisikia mlango wa uani ukilia mara moja. Saa tano alitoka kumpelekea kaka kurasa zake, akamkuta pale chini.

Kurasa hizo sasa zilikuwa kielelezo namba nne: wino mweusi, mwandiko ulionyooka, hakuna neno lililokatwa. Mkuu wa kituo alizipenda mno. Alisema mtu aliyetoka kuua ndugu yake hakai kitako saa nzima akaandika Kilatini, hilo hata mtoto analijua, na jaribio la Koplo lilikuwa limempa haki kwamba saa nzima kweli ilikwenda hapo. Fundi cherehani wa nyumba ya mbele, ambaye cherehani yake hutazama barabara na macho yake hayatazami cherehani, alimwona Baba Mdogo akirudi saa nne kasoro dakika tano. Saa tano na kidogo mzee huyohuyo alivuka barabara kumwomba simu.

Fundi alimwona pia mwingine. Saa nne kasorobo mume wa binti alitoka nyumba ile ameukunja uso, na kabla ya hapo alisikika akimwambia mkwewe, "Hutaniona tena hapa, na yeye hutamwona." Alikuwa amepata uhamisho wa kikazi kwenda mji mwingine, na Mwalimu hakutaka binti yake aende, tena akiwa na mimba ya miezi sita. Fundi alipomaliza kueleza hayo yote alisema yeye si mtu wa maneno, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hakuwa na jembe, alikuwa na dirisha, na askari walimshukuru kwa hilo.

Basi huyo mkwe wa Mwalimu alikuwa mahabusu tangu Jumanne jioni, na kesho saa tatu angepelekwa mahakamani. Shtaka la kuua halina dhamana. Akishapita mlango ule, mtoto wake angezaliwa na kuota meno kabla kesi haijasikilizwa. Inspekta alikuwa na siku moja, na Mkuu wa kituo alimwambia wazi kwamba hata hiyo haioni kazi yake.

Kabla ya kutoka alipitia tena kielelezo namba tano, vitu vya mifukoni mwa marehemu. Miwani, kioo kimoja kimevunjika. Kitambaa cha mkononi. Ufunguo. Penseli fupi ya bluu, kutoka mfuko wa shati. Alivirudisha kwenye bahasha, akatia sahihi kwamba amevirudisha.

Mkwe hakumsaidia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, viatu havina kamba, akajibu kila swali kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ukutani. Alipotoka kwa mkwewe alitembea hadi darajani, akakaa. Nani alimwona? Hajui. Alikaa muda gani? Mpaka hasira ikaisha. Je, alirudi kwa mlango wa uani? Hakurudi.

"Ningerudi kufanya nini?" alisema. "Niliyotaka kumwambia nilikuwa nimeshamwambia."

Inspekta aliyaandika hayo pia. Ndiyo majibu ya asiye na hatia, na ndiyo majibu ya mwenye hatia aliyelala juu yake usiku mbili.

Nyumba ya Mwalimu haikuwa mbali, akaenda kwa miguu. Binti alimfungulia, akamwonyesha kiti, akaenda kuzima jiko lililokuwa halijawashwa. Alikuwa na uso mkavu. Wanawake waliokuja kumliwaza walikuwa wameondoka wamekereka kidogo, maana walikuja na machozi yao na hawakupata mwenzao wa kulia naye. Inspekta alimwelewa. Mwili ukipigwa mahali pamoja mara mbili, mara ya pili hausemi kitu.

Saa ya ukutani pale sebuleni ilionyesha saa tano kamili. Ya mkononi mwa Inspekta ilisema saa tano kasoro dakika ishirini. Binti aliona anavyolinganisha, akamweleza bila kuulizwa kwamba baba yake aliisogeza mbele mwenyewe miaka mingi iliyopita, ili asiwepo wa kuchelewa katika nyumba hii. "Lakini hesabu aliifanya kwa hiyohiyo," alisema. "Kwa hiyo kila mtu alichelewa."

Inspekta alikwenda uani kwanza. Alifungua mlango wa uani, unaotokea kichochoroni, ukalia, akaufunga ukalia. Hapo Baba Mdogo alikuwa amesema kweli, na matumaini ya mkwe yalizidi kupungua. Alizihesabu ngazi, zilikuwa sita. Kiti cha Mwalimu kilikuwa bado juu, karibu na mlango wa jikoni, na kutoka hapo hadi chumba cha Baba Mdogo ni hatua tisa. Alizipima kwenda na kurudi.

Aliporejea sebuleni alimwomba binti amweleze adhabu ile, kwa vile kituoni hakuna aliyewahi kuifanya isipokuwa Koplo, naye bado analalamika. Binti alitoka, akarudi na boksi la viatu. Ndani yake palikuwa na karatasi za miaka thelathini.

"Zangu hizi," alisema, akizipanga mezani. "Nilikuwa na miaka tisa. Hizi za shangazi, alikuja kutusalimia wiki moja tu. Hizi nyingi zote ni za Baba Mdogo." Akaanza kusoma kwa kidole, taratibu, sauti haina mlima wala bonde. "Piger, pigri, pigro, pigrum, piger, pigro. Huyo ni mmoja wa kiume. Pigri, pigrorum, pigris. Hao ni wengi. Ukurasa wa pili wa kike, pigra, pigrae. Wa tatu ule mwingine."

Chini ya kila ukurasa, kona ya kulia, palikuwa na alama ndogo ya vema kwa penseli ya bluu. Inspekta alihesabu kurasa kumi, kisha ishirini. Hakuna uliokosa.

Aliuliza vema hizo zilitiwa lini.

"Papo hapo. Ukimaliza wa kiume unatoka nao, unamtafuta alipo. Akiwa amelala unasimama mpaka aamke. Anasoma neno kwa neno, akiridhika anatia vema. Ndipo unarudi kuandika wa kike. Huo nao unampelekea. Halafu wa tatu."

"Na ukiandika zote kwa mpigo?"

"Anazichana, unaanza upya. Mimi nilifanya hivyo mara moja." Alifikiri. "Kila mtu alifanya hivyo mara moja tu."

Inspekta alifungua mkoba wake. Hakupenda alilokuwa karibu kulifanya, ila alilifanya, kwa sababu alihitaji mtu wa nyumba hii alione kwa macho yake. Aliziweka kurasa tatu za kielelezo namba nne, ndani ya nailoni yake, kando ya zile za zamani. Piger, pigra, pigrum. Mwandiko uleule wa miaka yote. Kona ya kulia, chini, hapakuwa na kitu kwenye wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu.

Binti alizitazama muda mrefu. Kidole chake kilikwenda kwenye kona ya kila ukurasa, kikarudi wa kwanza, kikasimama.

"Hazina vema," alisema.

"Hazina."

"Labda baba alikataa..." Hakuimaliza sentensi. Alikuwa binti wa mwalimu, na jibu alikwisha kulipata. Alianza kuzirudisha karatasi za zamani kwenye boksi, kila moja na mahali pake. "Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu," alisema. "Baba hakuwa na subira." Kisha akauliza kama mume wake anakula huko aliko. Inspekta alimwambia anakula kidogo. Binti aliitikia kwa kichwa, akamwambia Baba Mdogo yuko chumbani kwake, hajatoka tangu jana.

Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye kitanda kilichotandikwa, mikono mapajani, amevaa shati lililopigwa pasi. Chumba kilikuwa na meza, chupa ya wino, kalamu mbili, na barua iliyokunjwa mara nne. Alisimama Inspekta alipoingia, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae. Koplo, aliyekuwa amefika kwa pikipiki, alisimama mlangoni na daftari.

Inspekta alimpitisha tena katika maelezo yake, pole pole. Mzee aliyarudia bila kubadilisha neno. Alipoingia chumbani ilikuwa saa ngapi? Saa nne, na dakika chache. Aliandika wa kiume kwanza? Ndiyo, huanza wa kiume.

"Ulipomaliza wa kiume ilikuwa kama saa nne na nusu. Ulifanya nini, mzee?"

"Nikaanza wa kike."

"Hukutoka?"

Mzee alizitazama kurasa zilizokuwa mkononi mwa Inspekta, naye Inspekta akazilaza mezani mbele yake, kona za chini zikiwa upande wake.

"Nimeona zako zingine, za miaka thelathini," alisema. "Kila moja ina vema. Kama kaka yako alikuwa hai saa nne na nusu, ungempelekea wa kwanza, angetia vema, na mimi ningeiona hapa. Kama mkwe alikuwa amesharudi na kumuua, ungetoka na ukurasa wako ukamkuta saa nne na nusu, si saa tano. Hatua tisa tu. Hukutoka kwa sababu ulijua hakuna wa kumpelekea."

Koplo aliacha kuandika. Mtaani mtu alikuwa akipigilia misumari kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Saa ile iko mbele," alisema Baba Mdogo hatimaye.

Inspekta alingoja.

"Nilirudi saa nne kasoro dakika tano. Nilikuwa na barua." Aliisukuma ile barua kwa ncha ya kidole. Inspekta aliifungua. Idara ya maji ya mji ilikuwa imemwajiri kutunza ghala la mabomba, aanze Jumatatu. "Sijawahi kupata kazi. Miaka hamsini na sita. Nilitaka aisome yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nikamwambia, kaka, nina jambo. Hakuinua macho. Akanyoosha mkono kuonyesha saa kule ndani, akasema, umechelewa, piger. Nikasema sijachelewa, leo sijachelewa. Akaniletea karatasi. Alikuwa amesimama pale juu ya ngazi ananinyooshea karatasi tatu."

"Ukamsukuma."

"Nilisukuma zile karatasi. Yeye alikuwa nyuma yake." Alifikiri, akajisahihisha kama mtu aliyezoea kusahihishwa. "Hapana. Nilimsukuma yeye."

"Halafu?"

"Nikaziokota karatasi."

Inspekta alikuwa ameuliza watu wengi swali lililofuata, kwa namna nyingi, na kwa kawaida walimjibu kwamba waliogopa, au hawakumbuki. Alimuuliza kwa nini, baada ya hapo, alikaa akaandika saa nzima.

Mzee alimtazama kama kwamba hakulielewa swali. "Alikuwa ameniambia niandike," alisema.

Mazoea yana taabu, husema watu, na husema wakicheka. Inspekta hakucheka, wala hakuhuzunika, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijishtukia kwa kutohuzunika. Alitoa nakala ya orodha ya kielelezo namba tano, akamwonyesha mstari wa mwisho. Alimwambia vema tatu zingetosha kumfunga mkwe maisha, na penseli ilikuwepo.

"Nilishuka mpaka ngazi ya mwisho," alisema Baba Mdogo. "Ilikuwa mfukoni, naiona. Nisingeweza kutia mkono mfukoni mwa kaka."

"Lakini mume wa mwanao uliweza kumwacha ndani. Ulisema mlango ulilia."

"Ulilia. Upepo uliusukuma. Sikusema ni yeye."

"Hukusema si yeye."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika kidogo, kwenye pembe za mdomo tu. Aliuliza kama binti anajua. Inspekta alimwambia kwamba binti ndiye aliyeiona kona ya ukurasa. Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema huyo tangu mdogo haachi kitu kimpite.

Walipotoka binti alikuwa amesimama kwenye korido. Mlango wa chumba kile haukuwa mzito, kila kitu kilikuwa kimesikika. Baba Mdogo alisimama mbele yake. Hakumwomba msamaha, labda hakujua pa kuanzia. Binti aliinama kwa shida, tumbo likimzuia, akamfunga kamba ya kiatu cha kushoto iliyokuwa imelegea, akainuka, akaenda jikoni.

Kituoni Mkuu alisoma daftari la Koplo mara mbili, akasema alikuwa na mashaka tangu mwanzo, na hakuna aliyebishana naye. Amri ya kumwachia mkwe ilitiwa sahihi saa nane mchana. Alirudishiwa mkanda na kamba za viatu, akaviweka mfukoni badala ya kuvivaa, akatoka viatu vikimpwaya. Hakumshukuru mtu, na hakukuwa na sababu ya kumshukuru mtu.

Baba Mdogo aliomba aandike maelezo yake mwenyewe, kwa mkono wake. Utaratibu unaruhusu. Inspekta alimpa karatasi za kituo na kalamu ileile ya wino, akaketi upande wa pili wa meza. Mzee aliandika bila kusita, mistari imenyooka, hakuna neno alilolikata. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza aliukausha kwa kuupepea, akaugeuza, akausogeza mezani mpaka mbele ya Inspekta. Kisha akaweka mikono mapajani.

Inspekta alimwambia anaweza kuendelea. Hakuendelea.

Utaratibu unasema kila ukurasa wa maelezo utiwe sahihi chini na askari anayeyapokea, na mara nyingi hutiwa zote kwa pamoja mwishoni, kwa haraka, watu wakiwa wameshika funguo za kwenda nyumbani. Inspekta aliusoma ukurasa ule neno kwa neno, mpaka chini. Akatia sahihi yake kwenye kona ya kulia, akamrudishia. Mzee aliitazama sahihi, akavuta karatasi ya pili, akaanza kuandika.